Folda Mbili, Mwandishi Mmoja

Wasikilizaji wa Lubumbashi, na ninyi mnaotufuata kutoka Likasi, Kipushi, Kasumbalesa na Kolwezi, mazungumzo ya leo yanahusu kisanduku ambacho wengi wenu mnacho kazini na hamkijali. Kimekaa juu ya kabati, karibu na modemu, kina diski mbili au nne tumboni, taa zake zinawaka usiku na mchana. Ndicho kinachobeba folda ambazo kila mtu wa ofisi anazifungua: faktira, mikataba, orodha za mishahara, karatasi za forodha zilizopigwa skana. Ofisi ikiwa moja, kisanduku kimoja kinatosha. Lakini kazi za mji huu hazikai mahali pamoja. Wakala wa forodha ana meza mjini na ana watu wake Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka hapa, penye foleni za malori yanayoingia na kutoka Zambia. Mkandarasi wa migodi ana makao Lubumbashi, ghala Likasi, na mafundi Kolwezi, kilomita 300 hivi. Wengine wakubwa wao wako Kinshasa. Basi kila tawi linawekewa kisanduku chake, kisha fundi wa kompyuta anaombwa jambo ambalo kwa masikio linaonekana jepesi: folda za huku na za kule ziwe sawa siku zote.

Ombi hilo, likitekelezwa kama lilivyotamkwa, linamweka mwenye mali hatarini, na mara nyingi yeye mwenyewe anadhani amejikinga. Anahesabu visanduku vitatu, anajiambia ana nakala tatu. Hana. Visanduku vinavyosawazishwa pande zote, kila kimoja kikiwa na ruhusa ya kuandika na kufuta katika kingine, vinabeba nakala moja tu iliyokaa mahali patatu. Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba kila folda iwe na mahali pamoja panapoandika, mahali pengine pote pawe pa kupokea na kusoma, na kando ya hapo iwepo diski moja isiyotii amri ya mtu yeyote aliye mtandaoni. Mafundi wetu wengi wanalijua jambo hili vizuri. Shida ni kwamba hawaulizwi. Wanaambiwa tu, nao wanafanya walichoambiwa.

Tuanze na kufuta, maana ndiko hasara nyingi zinakoanzia. Programu ya kusawazisha haina hukumu. Karani wa Kasumbalesa akivuta folda ya mwezi wa tatu na kuitupa bila kukusudia, programu inaona badiliko halali, inalipeleka Lubumbashi, inalipeleka Kolwezi, na baada ya dakika chache mwezi wa tatu haupo popote. Hakuna kilichoharibika. Kila mashine imefanya kazi yake sawasawa. Ni vivyo hivyo kwa mhasibu aliyepanga safu moja ya jedwali akasahau kupanga zile za jirani, kisha akahifadhi: jedwali bovu linaandikwa juu ya zuri katika matawi yote. Wapo watakaosema kisanduku chao kina diski mbili zinazofanana, kwa hiyo wako salama. Diski hizo mbili zinakulinda siku mojawapo inapokufa, na hiyo ni faida kubwa, lakini kosa la mkono linaandikwa katika diski zote mbili kwa wakati uleule.

Walio na mitambo mikubwa kuliko yetu nao wamepitia hapo. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, ambako watengenezaji programu wa dunia nzima wanaweka kazi zao, kulikuwa na seva mbili za hifadhidata zilizopaswa kufanana. Ya pili ilibaki nyuma, mhandisi akajaribu kuisafisha ili ianze upya, akaendesha amri ya kufuta katika seva ya kwanza, ile iliyokuwa hai. Gigabaiti zipatazo 300 zikaanza kutoweka. Walipokimbilia njia zao za akiba, moja baada ya nyingine ikaonekana haikuwa ikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Seva mbili zilizofanana hazikumsaidia mtu siku hiyo. Kilichosaidia ni nakala iliyokuwa imejitenga na mwendo wa zile mbili.

Mji huu una ushahidi wa zamani zaidi wa jambo hilohilo, na hauna umeme ndani yake. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji uliokuwa bado unaitwa Élisabethville. Hakikuwa kitabu cha duka kubwa; kilikuwa kijitabu cha taipureta, kikarudufiwa. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, na leo hakuna anayeandika historia ya watu wa kawaida wa Katanga akakiruka. Kiliwezaje kufika huko? Kwa sababu karatasi iliyorudufiwa haitegemei ndugu zake. Moja ikichanika Katuba, ile iliyoko Kamalondo haichaniki. Moja ikikorogwa kwa kalamu, nyingine inabaki kama ilivyotoka kwenye mashine. Maktaba za dunia zililitambua jambo hili zilipoingia kwenye kompyuta. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mpango uitwao LOCKSS, ambamo kila maktaba inaweka nakala yake katika mashine yake mwenyewe. Mashine hizo zinaulizana kama nakala zao bado zinalingana, na yenye ubovu inatengenezwa kwa kufuata wengi, wala si kwa kufuata aliyeandika mwisho. Tena zinaulizana polepole kwa makusudi, ili mtu mwenye nia mbaya asiweze kuziharibu zote kwa usiku mmoja. Polepole! Sisi tunamlipa fundi ili makosa yetu yafike haraka.

Msidhani kutunza nakala namna hiyo ni mambo ya watu wa makumbusho tu. Nchi yetu iliingia katika OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, na sheria zake zikaanza kutumika kwetu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria yake ya uhasibu inadai vitabu vya hesabu na hati za kuvithibitisha vitunzwe miaka 10. Faktira ya mwaka 2018 bado inaweza kudaiwa mwaka 2027. Linganisha muda huo na kapu la taka la kisanduku, ambalo wengi wanaliacha lijisafishe kila baada ya mwezi. Na katika mji wa migodi, karatasi ni haki ya mtu. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004, na mabishano juu ya hesabu ya walichostahili yaliendelea miaka mingi. Katika ugomvi wa namna hiyo, tarehe ya kuajiriwa, cheo na mshahara wa mwisho ndivyo vinavyosema, na vinasema kwa karatasi. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ni zaidi, maana daftari lenyewe linaweza kupotea bila habari, na orodha ya faili ikaonekana safi kabisa asubuhi yake.

Sasa twende kwenye umeme, maana Lubumbashi huwezi kuzungumza juu ya mashine ukaacha umeme. Kituo cha Mwadingusha, juu ya mto Lufira, kilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya shaba. Mwaka 1982 ukakamilika mstari wa kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, nao kwa ajili ya shaba. Pamoja na hayo yote, mitaa bado inajua delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Kisanduku kinachozimika ghafla katikati ya kuandika kinaweza kuamka na faili nusu, na programu ikaipeleka nusu hiyo kwenye matawi kama toleo jipya. Hilo watu wengi wanaliwaza, ndiyo maana wananunua betri ya kukishika kisanduku dakika chache ili kijizime kwa adabu. Kuna hatari nyingine isiyowazwa sana, nayo ni mbaya zaidi. Kisanduku kinaamka, programu ya kusawazisha inaanza, lakini diski ya nje ambayo folda imo ndani yake imechelewa kuamka au imegoma. Mahali pa folda papo, ila ni patupu. Programu ikitazama inaona kwamba faili zote 40,000 zimefutwa, na ikiwa imepewa ruhusa ya kuandika pande zote, inakwenda kufuta 40,000 kule Kolwezi. Waliotengeneza programu iitwayo Syncthing walilifikiria hili: wanaweka alama ndogo iliyofichwa ndani ya folda, na programu isipoiona alama hiyo inakataa kuendelea, inangoja binadamu. Lakini si programu zote zina hadhari hiyo, na fundi aliyejiandikia amri zake mwenyewe za kunakili na kufuta anapaswa kujiuliza kama za kwake zinayo.

Kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko majirani zetu wengi: nchi yetu ina majira mawili. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi. Katika jedwali la majira linalotumiwa na kompyuta nyingi duniani tunayo majina yetu mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi, na kisanduku kilichopangwa vizuri hakina shida yoyote, kwa sababu ndani yake kinahesabu kwa saa moja ya dunia nzima na kugeuza tu kile kinachoonyeshwa kwenye kioo. Matata yanaletwa na mkono wa mtu. Chukua kisanduku cha Lubumbashi kilichofungwa kikiwa na majira ya Kinshasa. Saa ya ukutani inasema 10:00, kisanduku kinasema 09:00. Badala ya kubadili jina la majira, mtu anasogeza saa mbele. Kioo sasa kinasema sawasawa na ukuta, kila mtu ameridhika, lakini moyoni kisanduku hicho kimetangulia dunia kwa saa nzima. Karani wa Lubumbashi akihifadhi mkataba saa ya hapa ikisoma 10:00, faili inapigwa muhuri kana kwamba ni 11:00. Mwenzake wa Kinshasa akiurekebisha mkataba huohuo nusu saa baadaye, kazi yake inahesabiwa kuwa ya zamani. Programu inayofuata kanuni ya kwamba jipya linashinda itaitupa kazi mpya na kuitunza ya zamani, bila kelele, na wote wawili wataapa kwamba walihifadhi. Leslie Lamport alieleza mwaka 1978 kwamba katika mashine zilizotengana saa za ukutani hazitoshi kusema kipi kilitangulia kipi. Inabidi mashine zihesabu matukio yenyewe. Programu nzuri za leo zinafanya hivyo. Nyingi za bei rahisi bado zinaamini saa.

Nitapita haraka kwenye herufi. Sisi tunaandika majina ya faili kwa Kifaransa, na ile é ya "procès-verbal de réunion" inaweza kuandikwa kwa namna mbili ndani ya kompyuta, moja inayopendelewa na Windows na nyingine iliyozoeleka katika mashine za Apple. Kwa macho zinafanana. Kwa programu isiyo makini ni faili mbili. Ofisi inayoona kila hati imejirudia mara mbili itazame hapo kabla ya kumlaumu karani.

Hatari ambayo watu wamekwisha kuisikia ni ya wezi wanaofunga faili na kudai fidia. Mwezi wa nne mwaka 2021 programu iliyoitwa Qlocker iliwaingilia wenye visanduku vya QNAP, ikazifunga faili zao kwa neno la siri, ikadai bitcoin 0.01. Mwezi wa kwanza mwaka 2022 ikaja Deadbolt, kwa visanduku vya kampuni hiyohiyo. Mwezi wa sita mwaka 2021 wenye diski za My Book Live za Western Digital waliamka wakakuta zimefutwa zote, kwa amri iliyotoka mbali. Waliodhurika walikuwa na kitu kimoja: visanduku vyao vilikuwa vinafikika moja kwa moja kutoka intaneti. Na kwa nini mtu akiweke kisanduku wazi namna hiyo? Mara nyingi kwa ajili ya jambo lilelile tunalolizungumza: ili tawi lingine likifikie. Kwa hiyo matawi yaunganishwe kwa njia ya ndani iliyofungwa kwa ufunguo, ambayo modemu nyingi za ofisi zinaiweza, na kisanduku chenyewe kisionekane barabarani. Hata hivyo njia hiyo haimzuii mwizi aliyekwisha kuingia kupitia kompyuta ya karani. Akishaanza kufunga faili za Kasumbalesa, usawazishaji wa pande zote utamfanyia kazi ya Lubumbashi bure.

Ndipo ninaporudi kwenye kanuni ya mwandishi mmoja. Fahari wawili hawakai zizi moja, na kwa folda ni kweli tupu. Kasumbalesa iwe na folda yake ya yaliyotoka mpakani. Yenyewe ndiyo inayoandika, Lubumbashi inapokea. Lubumbashi iwe na folda ya maagizo na mikataba. Kasumbalesa inasoma tu. Programu nyingi zinaruhusu mpango huo: Syncthing ina folda za kutuma tu na za kupokea tu, na visanduku vya Synology na QNAP vina njia zao. Chini ya nyingi ya zana hizi kuna wazo la rsync, iliyotengenezwa Australia mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras: pande mbili zinalinganisha faili vipande kwa vipande kwa hesabu fupi, na kinachosafirishwa ni vipande vilivyobadilika peke yake. Upande unaopokea ukihifadhi, kila usiku, hali ya folda ilivyokuwa, basi hata mwandishi akifuta, ya jana ipo. Mwelekeo mmoja una faida nyingine inayosahaulika: ukikuta faili imebadilika mahali pasipo na ruhusa ya kuandika, unajua papo hapo kwamba kuna jambo si la kawaida. Katika mpango wa pande zote, badiliko lolote linaonekana kuwa kazi ya mtu.

Na jambo la kwanza kabisa, kujaza kisanduku cha pili, lisifanywe kwa laini. Gigabaiti 500 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku nne na nusu, ikiwa laini haikukatika hata mara moja na hakuna mwingine anayeitumia. Kwa megabiti 2 ni siku 23. Ukilipia mega kwa simu, usithubutu hata kuanza. Wakati huohuo gari la asubuhi linafika Kolwezi siku hiyohiyo likiwa na diski kwenye mkoba. Visanduku vyote vijazwe Lubumbashi, juu ya meza moja, vihakikiwe, kisha kila kimoja kiende kwake. Baada ya hapo laini itabeba mabadiliko ya siku, nayo kwa ofisi ya kawaida ni machache.

Najua pingamizi la kwanza litatoka kwa wasimamizi wa kazi: sisi wote tunaandika, hatuwezi kungojana. Pingamizi hili lina uzito, ila likichunguzwa linagawanyika. Sehemu kubwa ya yanayoitwa "wote tunaandika" ni watu wanaoandika faili tofauti ndani ya folda moja, na hao wanahitaji tu folda zigawanywe kwa anayeziandika. Sehemu nyingine ni rejesta moja ambayo kweli wote wanaigusa: orodha ya malori, akiba ya ghala, hesabu za fedha. Hiyo haifai kuwa faili ya kusawazishwa. Inataka programu inayoendeshwa mahali pamoja na watu wote wakaingia humo. Na faili za programu ya uhasibu iliyo wazi, kama Sage ambayo ofisi nyingi hapa zinaitumia, zisisawazishwe kamwe wakati watu wamo ndani yake. Utapata pande mbili zenye nusu ya ukweli kila moja. Inabaki sehemu ya tatu, ndogo: rasimu ambayo watu wawili wanaandikiana kwa siku kadhaa. Kwa hiyo nakubali folda moja ya pande zote, ndogo, yenye jina linalojulikana, na programu ambayo ikigongana inatunza matoleo yote mawili badala ya kuchagua kimya kimya. Sharti langu ni kwamba awepo mtu anayeyafungua matoleo hayo kila juma. Folda iliyojaa migongano ambayo hakuna anayeisoma imerudi kuwa bahati nasibu.

Wa pili watasema: achana na visanduku, weka kila kitu kwa Google au Microsoft. Kwa ofisi ya watu watatu wenye laini nzuri, siwapingi. Huduma hizo zinatunza matoleo ya zamani vizuri kuliko kisanduku kisicho na mtu wa kukiangalia. Lakini hapa kuna mambo ya kukumbuka. Baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilizimwa nchini kwa karibu siku 20. Ilikuwa imezimwa pia mwezi wa kwanza mwaka 2015. Mwezi wa nane mwaka 2023 maporomoko ya chini ya bahari mbele ya mdomo wa mto Kongo yalikata nyaya, na meli ya matengenezo ilichukua majuma kufika na kumaliza. Sisi huku tunasaidiwa na njia zinazopita Zambia, lakini hiyo nayo ni njia ya mtu mwingine. Kisanduku kilichomo ndani ya nyumba kinaendelea kufungua faktira intaneti ikiwa imekufa. Kinachosimama ni usawazishaji tu, nao utaendelea laini ikirudi. Isitoshe, kupeleka vitu mbali hakufuti swali la nakala. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud liliteketea Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa wameweka akiba zao katika eneo hilohilo walipoteza mali na akiba kwa moto mmoja.

Wa tatu ni wapenzi wa habari njema: laini zinaboreka, na Starlink, iliyokatazwa mwaka 2024, ilipata kibali mwaka 2025, basi hofu hizi zitapita. Laini nzuri itapunguza muda wa kungoja, na itaondoa ile hali ya matawi mawili kukaa siku tatu bila kuonana halafu yakagongana. Hilo ni jema. Lakini kufuta kutafika Kolwezi kwa sekunde badala ya nusu saa, na nusu saa hiyo, kwa wengine, ndiyo ilikuwa nafasi ya kukimbia kuchomoa waya.

Kuhusu gharama ya ile diski ya kando, isiyotii, sioni ugomvi mkubwa. Haihitaji kisanduku kipya. Inataka diski ya kawaida ya nje inayochomekwa mara moja kwa juma, inajazwa, inachomolewa, inakaa nyumba nyingine, iwe Kipushi au mtaa wa pili. Mbili zikipokezana ni bora, ili siku ya kujaza isiwepo saa ambayo zote ziko mezani. Ifungwe kwa neno la siri, maana ina mishahara ya watu ndani yake. Ghali ndani ya mpango huu ni saa za mtu. Mtu mmoja, kila mwezi, achague faili ya zamani bila kupanga, kwa mfano hati ya forodha ya miaka mitatu iliyopita, aitafute katika diski hiyo, aifungue kwa kompyuta isiyo ya ofisi, aisome mpaka mwisho. Wahandisi wa GitLab walikuwa na njia kadhaa za akiba kwenye karatasi. Walichokosa ni mtu wa kuzijaribu kabla ya siku ile.

Na kuna swali ambalo hakuna programu inayolijibu: nani ana neno la siri la msimamizi? Katika ofisi nyingi ni fundi mmoja, wa nje, anayekuja akiitwa. Yeye anaweza kufuta hali zote za usiku zilizotunzwa, anaweza kugeuza mwelekeo wa folda kwa kubonyeza mara moja, na siku akipata kazi Kolwezi au Kinshasa anaondoka na uwezo huo kichwani. Neno la siri liandikwe, liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, moja kwa mkurugenzi na moja kwa mhasibu, na fundi apewe jina lake mwenyewe la kuingilia, lenye ruhusa za kazi yake tu. Pamoja na neno hilo, bahasha iwe na ukurasa mmoja unaosema folda ipi inaandikwa wapi, inapokelewa wapi, diski ya kando inakaa kwa nani, na ilijaribiwa lini mara ya mwisho.